Aliyesemwa Yupo

Basi la shule lilikuwa limeshapita geti mwalimu wa historia alipoanza kuita majina, kichwa chini, kalamu mkononi. Jina likiitikiwa, anatia alama. Hakuwa mtu wa kuinua macho. Darasa zima lilijua hivyo, ndiyo maana mchelewaji hakukosa mwenzake wa kumwitikia. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Chiriku, msichana aliyepewa jina hilo kwa kutonyamaza. Sauti ya nani asiyoweza kuiiga?

Mji waliouendea ni mdogo. Kwa miguu unaumaliza kabla hujachoka. Walianzia kwenye jumba la makumbusho, wakaona vyungu, ngoma iliyopasuka na viti vya watawala wa zamani. Kisha wakavuka barabara hadi gereza la kale. Bawabu, mzee mwenye kitambi na funguo kiunoni, akawateremsha ngazi za mawe hadi chumba cha chini, walimokuwa wakifungwa watu kwa minyororo. Ukutani palikuwa na mikwaruzo ya kucha.

Nukta, rafiki wa Chiriku na mdogo kuliko wote darasani, aligoma kwenye ngazi ya kwanza.

"Nukta kajikojolea!" wavulana wakacheka.

"Waongo nyie! Angalieni wenyewe, sketi kavu!"

Wakazidi kucheka. Walipotoka nje, Chiriku alimvuta pembeni. "Shoga, hawa watakuimba mpaka mwisho wa mwaka. Rudi ukaguse ule ukuta, uwazibe midomo."

"Na mwalimu je?"

"Mwalimu niachie mimi. Tunakwenda mnara wa saa, hapo tu mtaa wa pili. Utatukuta."

Nukta akarudi ndani. Mwalimu akaita majina uani. Lilipofika la Nukta, ikaitika sauti nyembamba: "Nipo, mwalimu." Alama ikatiwa, wakaondoka.

Nukta hakuwakuta mnarani. Hakuwakuta sokoni wala kwenye makaburi ya kale. Kila kona Chiriku aligeuza shingo. Akisema, ataaibika mbele ya wote. Akajidanganya: atatokea sasa hivi.

Wakati wa chakula, mkate mmoja ukabaki.

"Nani hajapata?" mwalimu akauliza.

Kila mmoja akainua mkate wake.

"Nukta," Chiriku akasema. "Hayupo, mwalimu. Amebaki gerezani. Ni mimi niliyeitika."

Mwalimu hakumkaripia. Alikimbia.

Gereza lilikuwa limefungwa kwa mapumziko ya mchana. Bawabu alikuwa amezima taa, akatia kufuli bila kuchungulia chini, akaenda kwake kula. Walipomleta akafungua, hawakusikia kitu. Nukta alikuwa amelala chini ya ngazi alizoanguka gizani, mguu umepinda pasipo na goti. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga mayowe. Kuta zile zilijengwa nene makusudi, aliye ndani asisikike.

Hospitalini alikuja mama yake Nukta, fundi cherehani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Chiriku akapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Nilitaka kumsaidia."

Mama akautoa utepe shingoni. "Ungenyamaza tu, mwanangu, mwalimu angemkosa palepale, akarudi kumtafuta. Wewe ulisema yupo. Aliyesemwa yupo, nani atamtafuta? Kumpenda mwenzio si kumsemea uongo. Inuka. Nenda kamwambie mwenyewe."

Chiriku akainuka, akaenda.

Mguu wa Nukta uliungika, lakini mfupi kidogo kuliko wa pili, na hakimbii tena. Bawabu aliachishwa kazi. Mwalimu alihamishiwa shule ya mbali. Aliyeshika nafasi yake huhesabu watoto kwa kumgusa kila mmoja bega. Chiriku alisimamishwa masomo, akarudi, na hadi leo humbebea Nukta mkoba kila jioni. Nukta alimsamehe. Ila alihamia dawati la mbele, na hakurudi kukaa naye.