Mtani Aliyemfungia Mume Wangu Sahani Isiyo Yake

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu, mkazi wa Nzuguni hapa Dodoma. Nashona sare za shule, na cherehani ndiyo inayotulisha. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nimeshapoa miaka mingi... imenisaidia nini?

Mume wangu, nimwite Yohana, alikuwa dereva wa malori katika kampuni ya umma. Kampuni ile ilikufa, kama zilivyokufa nyingi wakati ule biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua vilabu. Yohana alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua kichwa cha lori kuukuu Dar es Salaam. Tela akalipata kwa mtu mwingine Morogoro, limeota majani mpaka kwenye matairi. Nilishangilia siku alipovileta nyumbani. Nilijua na sisi sasa tumeinuka.

Wenye malori wanajua kwamba balaa lilianzia hapo. Nyuma ya kichwa cha lori hukaa sahani kubwa ya chuma, na chini ya tela hutokeza pini. Pini ikiingia kwenye mdomo wa sahani, mdomo unafunga, na hicho ndicho kinachoshika mzigo wote. Lakini pini haziko sawa. Kuna nene na kuna nyembamba, na kila moja ina sahani yake. Tela letu lilikuwa na pini nyembamba, na kichwa chetu kilikuja hakina sahani kabisa.

Basi Yohana akaenda gereji kwa fundi Maganga.

Maganga ni Mnyamwezi, sisi ni Wagogo. Ni watani wetu tangu enzi za mababu zao kupita hapa na mizigo ya misafara. Mwenye watani anaelewa. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakuambia utakufa lini, nawe unacheka. Ukikasirika, unatozwa kuku na unauaibisha ukoo mzima. Mimi nililelewa hivyo na nilipenda utani. Leo neno hilo sitaki hata kulisikia.

Maganga alikuwa na sahani moja iliyotolewa kwenye lori bovu, imekaa gerejini muda mrefu bila mnunuzi. Akaifunga kwenye kichwa chetu. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula. Yohana alipounganisha tela na kuvuta kidogo, tulisikia chuma kikigonga. Alishuka, akainama kutazama, akauliza kwa sauti ya mtu asiye na mchezo, "Fundi, mbona inacheza?"

Maganga akaanza kutikisa mabega. "Inacheza ngoma yenu ya Kigogo, mtani! Mlitaka icheze ya nani?"

Gereji nzima ilicheka. Yohana akauliza tena. Maganga akachomelea kipande cha chuma kuziba nafasi, akamwambia, "Nenda. Tela likikukimbia usinitafute huku, nitafute msibani kwako nikila kichwa cha ng'ombe."

Tukacheka tena. Yohana angeuliza mara ya tatu angeonekana amekasirikia utani. Na mwanamume wa Kigogo hakasirikii utani... Akalipa, akapanda, tukaenda nyumbani.

Lori lilifanya kazi msimu mmoja tu. Yohana alikuwa akitoka Singida na magunia ya vitunguu. Kwenye ule mteremko wa kutoka Manyoni kushuka Bahi, barabara ikiwa mashimo matupu, pini ilichomoka kwenye sahani. Alipokanyaga breki, tela lenye mzigo lilisogea mbele likakibana chumba cha dereva. Mume wangu aliletwa nyumbani amefunikwa shuka la watu wa Bahi nisiowajua. Siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Msibani Maganga alikuja na watani wenzake, kama mila inavyotaka. Alivaa kofia ya pama ya Yohana. Akaketi juu ya kinu akaanza kuigiza: Yohana anarudisha kichwa cha lori nyuma, Yohana anapiga miayo, Yohana anasahau kufunga tela, Yohana anaondoka huku anapiga honi na tela limebaki nyuma. Watu waliokuwa wakilia walicheka. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hajala tangu mwili ulipofika, alicheka akashika mbavu. Nami nilicheka huku machozi yananitoka. Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru yule mtu!

Sikujua alikuwa akifanya nini. Kabla hatujaondoa tanga, mji mzima ulishaijua ile hadithi: Yohana alisahau kufunga tela. Sokoni niliisikia. Kanisani niliisikia. Mwanangu mkubwa alirudi kutoka shuleni akaniuliza kama ni kweli baba yake alijiua kwa uzembe. Mtu aliyeendesha malori ya umma bila kugusa hata mbuzi wa mtu! Alibakiza jina lake zuri tu, na hilo nalo likaliwa msibani pamoja na ubwabwa.

Baadaye alikuja kunipa pole mfanyabiashara mmoja mwenye malori, mtu wa mjini, Mwislamu, asiye na utani na Maganga. Aliposikia habari za sahani akaniuliza ilikuwa na rangi gani. Nilipomwambia ni ya buluu iliyobabuka, alishika kichwa. Aliwahi kuitaka yeye. Maganga alimkatalia akimtazama usoni, bila kucheka: "Bosi, hii ni ya pini nene. Tela lako lina pini nyembamba, litachomoka."

Ndugu msomaji, unanielewa? Alijua! Asiye mtani wake aliambiwa ukweli. Mtani wake alitikisiwa mabega.

Nilikwenda gerejini siku hiyohiyo. Unajua alinijibu nini? "Shemeji, mimi nilimwambia. Nilimwambia mbele yako kwamba tela litamkimbia. Nyie mkacheka." Utani wake ulikuwa mfuko wa kufichia ukweli, ili siku ya siku autoe aseme alikwisha kusema.

Wazee wa ukoo nao wakanimaliza. Walisema utani hauna kesi, nisiwaaibishe. Nikanyamaza, lakini sikusamehe.

Mwaka ulipopita tuliweka msalaba kaburini. Maganga akaja, na pama ileile kichwani, maana mtani akichukua kitu msibani harudishi. Akaanza kuzungusha usukani hewani. Watoto wangu walikuwa wamesimama pale. Nikamsogelea mbele ya mchungaji na wazee.

"Leo sitaki mtani," nikamwambia. "Namtaka fundi. Waambie watu hawa sahani ile ilikuwa ya pini gani. Sema bila kucheka."

Alijaribu kucheka. Hakuna aliyemfuata. Mzee mmoja alianza kunikemea, mama mkwe akamwambia, "Mwache mke wa mwanangu." Kisha akamgeukia Maganga. "Sema, baba. Nasikiliza."

Maganga alitazama chini. "Ilikuwa ya pini nene," akasema.

"Na Yohana alifunga tela au hakufunga?" nikamuuliza.

"Alifunga. Yohana alikuwa anafunga siku zote."

Mama mkwe wangu ni mfupi. Ilibidi ajinyooshe kwa vidole vya miguu kuivua ile pama kwenye kichwa cha Maganga. Aliikung'uta vumbi, akampa mwanangu mkubwa, akamwambia, "Ya baba yako hii. Umesikia alichosema fundi?" Mwanangu akajibu kwamba amesikia.

Wenzangu, mkinunua kichwa huku na tela kule, pimeni pini, pimeni na mdomo wa sahani, na visipolingana msikubali kipande cha kuziba. Ungeni, fungeni breki za tela, vuteni, tazameni kama kuna kinachocheza. Na fundi akikujibu kwa kichekesho, awe mtani, shemeji au rafiki wa kuzaliwa naye, mwambie aache kucheka kwanza. Kuku wa faini analipika. Mimi ningetoa hata zizi zima... lakini siku ile hatukutaka kuonekana tumekasirika.