Saumu ya Jumamosi

"Hivi mtu akiteleza kwenye theluji, mafuta yake ya mwilini yanakwenda wapi?"

Mama Raho, jirani yao, aliuliza hivyo siku moja alipokuja kurudisha sufuria. Bibi Shemsa akacheka, akasema yeye theluji ya mtaa wao wa Small Heath, hapa Uingereza, anaijua kwa kuchelewesha basi tu. Swali likaishia mlangoni. Lakini Maisara, mjukuu wake wa miaka kumi na mitatu, alibaki nalo kichwani.

Kila Jumamosi shule iliwapeleka kwenye ukumbi wa theluji kujifunza skii, kuteleza kwa mbao ndefu za miguuni. Jumamosi ya nne ilikuwa ya mtihani, na atakayefaulu angekwenda milima ya Uskochi mwezi wa kwanza. Maisara aliitaka safari hiyo mpaka akaiota. Tatizo lilikuwa suti ya theluji ya kuazima. Zipu iligoma tumboni, na rafiki yake Samsam akasema, "Shoga, hiyo zipu inaomba msaada." Wenzao wakacheka. Maisara naye akajidai kucheka.

Kwenye simu alisoma kwamba saa moja ya skii huunguza kalori mia nne. Akapiga hesabu yake: asipokula, zitaungua zilizomo mwilini, na zipu itafunga. Basi akaanza kufunga. Jumatatu Bibi alifurahi. Alhamisi akamwombea dua. Jumamosi ya mtihani, Bibi akisukuma chapati, Maisara akasema tena, "Bibi, nimefunga."

Bibi akaacha kusukuma. "Jumatatu naijua, Alhamisi naijua, ni siku za sunna. Hii ya leo umeitoa wapi?"

"Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Ulizimaliza mfunguo tatu, mwezi wa Hija, tukala daku pamoja. Alfajiri ya leo sikusikia hata kijiko."

Maisara akainamia viatu vyake. Bibi hakubishana. Alifunga chapati na mayai, akajaza uji wa mtama kwenye chupa, akavaa koti lake zito, akafuatana naye.

Katika mazoezi ya kabla ya mtihani, mara ya tatu kushuka, miguu ya Maisara ilianza kutetemeka. Akaanguka, skii moja ikachomoka. Mwalimu Liban, Msomali aliyekulia Garissa, akamwinua na kumpeleka chumba cha kupumzikia, alikoketi Bibi.

"Leo umekula nini?" Liban akamuuliza.

Maisara alijua akisema amefunga, mwalimu atanyamaza kwa heshima. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Sikula. Wala sikufunga kwa kweli, hata siku zile. Nilitaka zipu ifunge."

Liban akavuta kiti. "Wacha nikuambie. Hizo mia nne ni za mtu mzima anayeteleza bila kusimama. Sisi hapa nusu ya saa tunangoja lifti ya kutupandisha juu. Na mwili unaokua haupunguzwi kwa njaa. Mtu akiwa na wasiwasi na uzito wake, huenda na mzazi kwa daktari. Miguu isiyo na chakula haishiki theluji, hapo ndipo magoti huumia. Suti kubwa zipo nyingi, ungeniuliza tu."

"Mtihani nimeukosa?"

"Kundi la mwisho bado saa nzima. Kula, upumzike, nikuangalie tena."

Bibi akafungua chakula. "Mjukuu wangu, saumu ni ya Mungu. Ukiifanya pazia la njaa yako, umenidanganya mimi, na umeudhulumu mwili, nao ni amana. Jambo usilolijua, uliza. Mama Raho ni mtu mzima, na aliuliza mlangoni bila haya."

"Nisamehe, Bibi."

"Kula, uji usipoe."

Alikula chapati mbili na mayai, akanywa uji taratibu mpaka miguu ikawa yake tena. Liban akamtazama akitembea, akaridhika, akampa suti kubwa zaidi. Zipu ikapanda hadi kidevuni bila ugomvi.

Bibi alitaka kumuuliza kama ana nguvu za kutosha. Maisara akambusu mkono, akachukua skii zake, akatoka kwenda kwenye theluji kufanya mtihani wake.