Jinzi Iliyopauka Magotini

"Hii hapa, dada. Nataka ya kipimo hikihiki, ila mpya, nyeusi, ya kuvalia harusi."

Yule mteja alitoa jinzi kuukuu kwenye mfuko akaitandaza juu ya kaunta. Futi aliitupia jicho mara moja tu, moyo ukamlipuka paa!

Aliijua ile jinzi. Pindo la chini alilishona yeye mwenyewe kwa uzi wa manjano, siku ambayo uzi wa buluu ulimwishia na mwenye suruali akacheka, "Shona tu mpenzi, nani ataniangalia miguuni?"

Pale dukani walimwita Futi kwa sababu futi ya kupimia aliivaa shingoni kama mkufu, na wala hakuitumia. Mwanaume akiingia mlangoni, Futi alishajua kiuno chake, urefu wa mguu wake na kama mapaja yataingia au yatagoma. Akiletewa jinzi kuukuu ndiyo kabisa, alikuambia mwenye nayo anafanya kazi gani, anakaaje, simu anaiweka mfuko gani. Watu walimsifia, na sifa zikamlevya. Ndizo zilizomponza, lakini twende taratibu.

"Ya nani hii?" aliuliza, akijitia hamnazo.

"Ya mchumba wangu." Yule dada alikuwa na uso wa kucheka na vidole vyenye madoa ya rangi ya ukutani. "Tunaandikisha ndoa Ijumaa, halafu tunakula na ndugu, basi. Suti hataki hata kuisikia. Anasema akivaa suti anajiona kama amekwenda kuomba kazi! Nikamwambia haya, vaa jinzi, lakini si hii. Itazame magoti, dada, mpaka aibu."

Futi akayatazama. Magoti yalikuwa yamepauka peupe, nyuzi zimeanza kuachana, na kwenye mshono kulikuwa na vumbi la saruji ambalo halikutoka hata kwa kufuliwa.

"Anafanya kazi gani?" Sauti ilimtoka nyembamba.

"Fundi marumaru. Kutwa yuko sakafuni kwa watu. Mimi nachanganya rangi duka la vifaa vya ujenzi, alikuja kununua gundi ya marumaru wakati ndiyo kwanza anajifunza, ananunua isiyo yenyewe! Zamani alikuwa dereva wa bosi mmoja. Gari likauzwa, kazi ikaisha. Mwenzangu, huyo mtu alipata tabu."

"Tabu gani?"

"Si alikuwa na mwanamke. Akaona aibu kumwambia kazi imekwisha. Asubuhi anaaga anakwenda kuendesha, kumbe yuko kwenye kibarua cha kutandaza marumaru. Huyo mwanamke sijui akaona nini, akamfukuza mbele za watu, eti ana mtoto nje!"

"Na... hakuwa na mtoto?"

"Mtoto gani jamani? Hana hata wa kuazima!"

Yule dada alicheka. Futi alishika ukingo wa kaunta.

Huyo mwanamke alikuwa yeye.

Sasa sikiliza alichokifanya. Jinzi ya dereva hupauka makalioni na nyuma ya mapaja, pale inaposuguana na kiti. Magoti hubaki na rangi yake. Ya mpenzi wake ilikuwa hivyo kwa muda wote waliokuwa pamoja, mpaka Futi alipoona magoti yanaanza kuwa meupe. Kila wiki yanazidi.

"Kazi vipi leo?" alimwuliza.

"Kama kawaida. Nimeendesha kutwa."

Akajua ni uongo, na kweli ulikuwa uongo. Tatizo ni pale alipoanza kuukamilisha mwenyewe. Wateja wake waliojaliwa watoto walikuwa wakirudi dukani na magoti kama yale, kwa kutambaa nao sakafuni. Basi Futi akajumlisha. Mwanaume anadanganya, magoti yamepauka, ana mtoto kwa mwanamke mwingine. Kwisha habari! Kuuliza akaona ni kujishusha.

Siku moja mchana mpenzi wake alimfuata dukani. Palikuwa na wateja, na shoga yake wa duka la viatu la jirani alikuwapo. Kabla mwenzake hajatoa hata salamu, Futi akamvaa.

"Mtoto wako ana umri gani?"

"Mtoto gani?"

"Huyo unayemchezesha sakafuni! Unafikiri mimi kipofu? Magoti yako yamenieleza yote!"

Mwenzake akamtazama, akageuka akaondoka. Jioni akatuma ujumbe: "Sina mtoto. Naomba unisikilize kidogo tu." Futi akajibu: "Usinipigie tena. Mlee mwanao." Kisha akaizuia namba yake. Kesho yake habari ya mtoto ilikuwa imeenea maduka yote, na aliyeieneza ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake huo mzuri.

Tangu hapo mwaka na zaidi ulikuwa umepita. Wanaume walimtongoza, akawakataa. Kisa? Alikuwa akimsubiri yule yule arudi, apige magoti, akiri, yeye amsamehe. Ndiyo ndoto aliyokuwa akilala nayo, jamani, kumsamehe mtu asiye na kosa.

"Dada? Uko sawa?"

"Niko sawa, mdogo wangu. Joto tu."

Yule dada alikuwa ameshachomoa suruali moja kwenye rafu. "Hii je? Imechanika magotini, ndiyo fasheni ya sasa."

"Usimpe hiyo. Matobo si anayo nyumbani?"

Wakacheka wote wawili. Futi alishangaa kujisikia anacheka.

"Basi hii ya kubana?"

Futi aliishika. Kitambaa chepesi, kinachovutika, cha kushika mguu mpaka kwenye kifundo. Alijua fika itakavyomfanya: mapaja yatabanwa, hatakaa kitini kwa raha, atashinda harusi nzima anaivutavuta. Kwa dakika nzima roho mbaya ilimshawishi. Mpe hii. Mwache aaibike Ijumaa.

Akairudisha rafuni.

"Ana mapaja mazito," alisema. "Umbo la mtu anayechuchumaa na kuinuka kutwa. Mtafutie mguu ulionyooka, usiobana wala usiopwaya. Kitambaa cha pamba tupu, kizito. Siku ya kwanza kitakuwa kigumu, lakini kitamkaa vizuri, na akikaa kitini hakitatuna magotini. Kiuno kisiwe cha chini, maana akiinama shati linachomoka."

"Ee! Kweli linachomoka! Umejuaje?"

"Wanaume wengi ndivyo walivyo."

"Na nyeusi hii haitatoa rangi? Shati lake jeupe."

"Ifue peke yake kabla, kwa maji baridi, ukiigeuza ndani nje. Ina zipu. Yeye vifungo hapendi."

Yule dada alimkodolea macho. Kisha akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mpenzi, niko dukani. Unataka zipu au vifungo?"

"Zipu bwana, vifungo vinanichosha," ile sauti ikajibu. Futi alifumba macho. Hakuwa ameisikia muda mrefu, na haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Haya! Dada wa hapa ni mganga, amekujua bila kukuona!"



"Duka gani hilo?" ile sauti ikauliza, taratibu.

Akatajiwa.

"Mwambie aje aijaribu mwenyewe," Futi alidakia. "Jinzi haichaguliwi kwa simu."

Ulikuwa ushauri wa kazi, na ulikuwa wa kweli. Lakini hata wewe unajua haukuwa wa kazi peke yake. Ijumaa ilikuwa bado, na Futi alishaanza kupanga moyoni atakavyomwomba radhi, atakavyolia, na huenda, nani ajuaye, mtu akarudi kwake.

Kesho yake alipaka mafuta ya midomo, akafuta, akapaka tena. Mchana fundi aliingia. Peke yake. Mabega yalikuwa yamepanuka, mikono imekomaa, na magoti, naam, yalikuwa meupe.

"Habari za hapa, Futi."

"Nzuri. Karibu."

Futi alimpa suruali, naye akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, Futi alipiga goti kumpimia urefu. Kwa mara ya kwanza mikono yake ilihitaji futi, maana macho yalikuwa yamejaa machozi, haoni kitu.

"Imekukaa," alisema akiwa bado chini.

"Imenikaa. Ahsante."

"Nisamehe."

Fundi akatazama mlangoni.

"Inuka kwanza. Wateja wataingia."

"Waingie. Nilikufedhehesha mbele za watu, nao waone." Lakini aliinuka. "Kwa nini hukuniambia? Kazi imekwisha, ni kitu cha kunificha mimi?"

"Unakumbuka yule fundi aliyekuja hapa kununua suruali, magoti yamemchanika?"

"Wanakuja wengi."

"Mimi namkumbuka. Nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, gari limeuzwa asubuhi ile, nimekuja kukwambia. Huyo fundi akatoka. Wewe na shoga yako wa viatu mkabaki mnacheka. Ukasema, 'Mwanaume wa kushinda kapiga magoti kwenye vumbi la watu, mimi wa nini? Wangu anakaa kiti cha ngozi.' Nikageuka nikaenda zangu. Wiki ile ile nikapata kibarua cha marumaru."

Futi alijaribu kuikumbuka siku hiyo, asiikumbuke. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Neno lililompoteza mtu wake alilisema kwa mzaha, likampita kama upepo.

"Ule ulikuwa utani," alinong'ona.

"Najua. Baadaye nilijua. Nikasema acha nimweleze tu, liwalo na liwe. Nikaja mchana ule. Ukanitangulia na habari ya mtoto."

"Ulikuja kuniambia?"

"Nilikuja kukwambia."

Futi alikaa kwenye kigoda. 

"Bado Ijumaa haijafika," alisema, na aibu ilimjaa usoni waziwazi, lakini alishaamua kuimeza. "Nakupenda. Sijawahi kuacha. Nitamwambia kila mtu niliyemdanganya. Nitakwenda duka moja moja. Nirudie."

"Futi."

"Nirudie, nakuomba."

"Yeye anajua niko hapa." Aliongea bila ukali, na afadhali angekuwa mkali. "Jana alirudi akinisimulia juu ya dada anayejua watu kwa macho. Nikamwambia wewe ni nani. Akasema, 'Nenda peke yako. Mwache aseme la moyoni mwake, na wewe useme la kwako, tusiingie nalo kwenye ndoa.' Huyo ndiye mke wangu. Alinikuta sina kitu, akanifundisha hata gundi ya kununua. Nampenda, Futi. Si kwa kukukomoa."

Futi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimdondokea mapajani na hakuhangaika kuyafuta.

"Umenisamehe lakini?"

"Mimi nilikusamehe zamani." Akachezea ncha ya mshipi wake. "Kilichokuwa kigumu kwangu ni mama."

"Mama amefanyaje?"

"Ile habari ilimfikia. Hakuniuliza kwa hasira, si unamjua. Alifurahi. Akasema, 'Makosa ni makosa, mwanangu, lakini damu ni damu, niletee mjukuu wangu nimwone.' Nikamwambia hakuna mtoto. Akafikiri namficha. Alishafuma soksi, Futi. Ndogo hivi. Kila nikienda ananiuliza, mpaka siku aliyoacha kuniuliza, akaziweka juu ya kabati. Hajaamini mpaka leo. Anadhani nina mtoto na nimemkataa."

Futi alifunika mdomo kwa mikono miwili. Mama yule alimwita mwanangu. Alikuwa akimpigia simu kila Jumapili kumwuliza amekula nini.

"Nitakwenda kwake," alisema. "Nitamwambia ni uongo wangu. Leo hii hii, nikifunga duka."

"Nenda. Mimi hanisikilizi." Fundi alirudi nyuma ya pazia, akavaa suruali yake ya kazi, akatoka na ile mpya imekunjwa vizuri mkononi. "Na Ijumaa, mwenzangu amesema ukitaka kuja, uje. Hakusema kwa kejeli."

"Mwambie ahsante. Mwambie siwezi."

"Nitamwambia."

"Mtunze. Mtunzane."

"Ahsante, Futi. Baki salama."

Aliondoka. Kupitia kioo Futi alimwona akivuka barabara, suruali kaibana kwapani, akatoa simu na kupiga. Alikuwa anatabasamu kabla hata hajapokelewa.

Futi aliingia nyuma ya pazia la kujaribia, akalivuta mpaka mwisho, akakaa sakafuni. Alilia akijiziba mdomo kwa pindo la gauni. Alimlilia mwanaume, akamlilia na yule mama, na zile soksi juu ya kabati, ambazo hakuna atakayezivaa.

Mlango wa duka ukalia. Hatua za mtu zikazunguka, hanga za nguo zikagongana, kisha hatua zikasogea mpaka pale pale.

"Samahani," ikaita sauti ya mwanaume nje ya pazia. "Nilitaka kujaribu hii. Kuna mtu humo ndani?"

Futi akavuta pumzi, akaikaza sauti yake kadiri alivyoweza.

"Yumo, kaka. Naomba umngoje kidogo."