Blauzi ya Asiyetembea

Mafundi wa kushona wana jeuri yao, na Nyevu wa kijijini Tezo alijaliwa kibaba kizima. Ukimpelekea blauzi iliyoshonwa na fundi mwingine, kwanza ataigeuza ndani nje, atauangalia mshono, ataguna, kisha atakuuliza ni nani aliyekifanyia kitambaa cha watu unyama ule. Halafu ataifumua yote. Hakuwa na duka. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa barazani, na wanawake walitoka Kilifi mjini na Bofa kumfuata papo hapo, kwa kuwa blauzi ya Nyevu ikikukaa, imekukaa.

Alikuwa na miiko yake. Hakushona nguo bila kuuona mwili. Mwenye nguo aje mwenyewe, apimwe, ajaribishwe. Ndani ya kila mshono aliacha akiba ya inchi moja, kwa sababu mwili haukai pahali pamoja, leo umenenepa na kesho umekonda. Na vipande vilivyobaki, hata cha upana wa kidole, alivirudisha kwa mwenyewe. Huku kwetu mtu haachi mabaki ya nguo yake ovyo. Kuna watu wana matumizi nayo.

Jioni moja ya mwezi wa tano, mvua imetoka kukatika, Nyevu alikuwa akianua nguo kambani. Kuku walikuwa wakiingia bandani. Jikoni bintiye Kache aliosha vyombo huku akiimba. Kache alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mpana wa mabega, na sauti ambayo majirani waliisikia wapende wasipende. Ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Kutwa mama mtu alimkemea, "Wee Kache, punguza sauti!" Na Mungu ni shahidi, hakuwahi kumaanisha.

"Hodi."

Nyevu aligeuka. Bikizee alikuwa amesimama ndani ya ua, karibu kabisa na kamba.

Mbwa wao hakubweka.

"Shikamoo, hawe," Nyevu alisema, akimwita bibi kwa Kigiriama kama alivyofunzwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa ndipo kwa fundi."

Walikaa barazani. Bikizee alitoa ndani ya kikapu kitambaa chekundu kilichokunjwa vizuri, na karatasi ya kahawia. Nyevu alikipokea kitambaa na kukipitisha vidoleni. Kilikuwa kizuri, kizito... lakini kilinuka udongo. Udongo wa shimo lililochimbwa leo.

"Blauzi ya nani, hawe?"

"Ya mjukuu wangu."

"Mlete nimpime."

"Hatembei." Bikizee aliisogeza ile karatasi. "Kipimo chake kimo humu."

Ilikuwa karatasi ya mfuko wa saruji, imekatwa kiolezo cha blauzi, kipande cha mbele na cha nyuma. Nyevu alikitandaza mezani, akacheka hadi akajifuta machozi.

"Hawe, utaniwia radhi. Hii ni blauzi ama foronya? Bega, kifua, kiuno, vyote upana mmoja! Ni mtu huyu ama ubao?"

Bikizee hakucheka. "Basi kirekebishe ujuavyo wewe. Nasikia mkono wako hauna mfano. Si una binti? Umri wao mmoja, urefu wao mmoja. Mpimie yeye."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nyevu alikuwa kinyume chake. Akisifiwa aliongeza ufundi, na hilo ndilo lililomponza. Angeishona ile foronya kama ilivyoletwa, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Lakini kiolezo kibaya kilimkera kuliko deni. Alimwita Kache, akampima kwa futi, kifua inchi thelathini na sita, kiuno ishirini na nane. Akagundisha karatasi mpya kwenye zile kingo zilizonyooka, akaongeza kifuani, akachora kiuno kikaingia ndani, akashusha kwapa, akayapanua mabega yakawa mabega ya Kache. Kesho yake alikata, akapiga bandi, ule mshono wa muda, akamvalisha bintiye.

Ilimkaa vizuri ajabu. Kache alizunguka mbele ya kioo akiimba kwa sauti yote.

"Mama, hii nibakishie mimi."

"Ya mwenyewe hiyo. Vua usije ukaitoa bandi."

Jioni bikizee alirudi. Hakuigusa blauzi. Alitaka Kache aivae, na alipoivaa, alimzunguka taratibu akiangalia mshono mmoja baada ya mwingine.

"Inampwaya," alinong'ona.

"Inampwaya wapi, hawe? Imemshika barabara."

"Mjukuu wangu inampwaya. Bana kifua. Bana kiuno. Na hiyo akiba iliyo ndani, ikate. Vipande nipe."

Kukata akiba! Nyevu alitaka kubisha. Nguo isiyo na akiba ndani hairudi tena ilikotoka, ukishaipunguza ndiyo basi. Lakini kitambaa ni cha mwenyewe, na mwenyewe kasema. Alibana kwa pini, Kache akalalamika kwamba inamkaza, naye akamwambia avumilie, si yake. Alishona moja kwa moja, akaikata ile akiba karibu kabisa na uzi, akamkabidhi bikizee mabaki yote kwa uaminifu wake uleule aliojisifia. Bikizee aliyafunga kwenye pindo la leso na kuondoka.

Asubuhi gauni la Kache lilikuwa likimning'inia.

"Mapenzi hayo," Nyevu alimtania. "Huli, unaota mchana." Hata hivyo alichukua futi akampima. Kifua inchi thelathini na moja. Akapima tena. Aliikagua futi kama imevutika, akaipima kwenye rula. Futi ilikuwa sawa.

Kiuno nacho kilikuwa thelathini na moja.

Mtu akikonda, hukonda kote. Hapungui kifua akaongezeka kiuno. Alimshika mtoto paji la uso, hakuwa na homa. Alimuuliza anaumwa wapi, akasema haumwi popote, ila anajisikia amenyooka. Hilo ndilo neno alilotumia. Nyevu aliapa moyoni kwamba jioni akimaliza kazi ya yule bikizee, kesho asubuhi na mapema wangekwenda hospitali.

Jioni ilifika, na bikizee akafika nayo.

"Mikono ifumue," alisema akiwa bado amesimama. "Hana kazi nayo."

Nyevu alitaka kuondokewa. Alitaka ile harufu ya udongo itoke barazani mwake. Akachukua wembe, akaanza kwenye kwapa la kulia. Tk... tk... tk... Uzi ulikatika mmoja mmoja. Mkono wa kwanza ulitoka.

Jikoni sahani ilianguka.

"Wee Kache! Taratibu na vyombo vya watu!"

Aliuanza wa pili. Tk... tk... Mkono ukatoka. Bikizee aliipokea yote miwili, akaikunja kwa upole kabisa, jinsi mtu anavyokunja nguo za mtoto mchanga.

Jikoni palikuwa kimya. Wimbo ulikuwa umekatika katikati.

"Kache?"

"Mama..."

"Nini?"

"Mama, mikono."

Nyevu alikimbia ndani. Kache alikuwa amesimama mbele ya beseni, mikono imelala ubavuni, vidole vimeshikana. Mama mtu aliuinua mmoja, akauachia. Ukarudi ubavuni ukanyooka. Alipotoka nje akipiga kelele, baraza ilikuwa tupu. Blauzi ilikuwa juu ya cherehani. Kutoka gizani nyuma ya banda la kuku, sauti ilimjia bila haraka.

"Shingo bado. Nitaijia."

Kesho yake, hospitalini, Kache alipimwa damu na kupigwa picha, na hawakuona kitu. Nyevu alimwacha kwa jirani yake Phoebe, akauliza njia nzima kama kuna aliyemwona bikizee mwenye kikapu. Hakuna aliyemwona. Mwishowe aliifuata ile harufu. Ndiyo, aliifuata kwa pua, mwanamke mzima, kupita mashamba ya mikorosho mpaka kwenye boma moja ambalo nyumba zake nyingi zilikuwa zimebomoka. Mwanamume mmoja, jina lake Kambi, alikuwa juu ya ngazi akiezeka makuti.

"Hapa natafuta bikizee, baba. Ana mjukuu asiyetembea."

Kambi alishuka ngazi polepole. "Boma hili halina mwanamke. Umeshika nini hicho?"

Nyevu alikuwa ameshika kipande cha kile kitambaa chekundu, kilichonasa kwenye cherehani. Kambi alikiangalia, rangi ikamtoka usoni. Alimwonyesha njia kwa kidevu, akamfuata kwa mbali.

Nyuma ya boma palikuwa na vigingi vya koma, vile vya kuwakumbuka wafu wa ukoo. Nyevu alivijua tangu utoto. Marehemu akija ndotoni kulalamika baridi, watu wake huenda wakamfungia kitambaa kwenye kigingi chake, naye hutulia. Vingi vilikuwa vya zamani, vimeliwa na mchwa. Cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko vyote, urefu wa mtu. Mti wake ulikuwa mbichi.

"Hicho hatukukichonga sisi," Kambi alisema kwa sauti ya chini. "Mvua ilipokatika tulikikuta. Koma zetu huomba kitambaa tu, mama. Hicho sijui kinaomba nini."

Kilikuwa kimefungwa mabaki mekundu, moja juu ya jingine. Mikono miwili ya blauzi ilikuwa imefungwa fundo ubavuni.

Nyevu ni fundi. Jicho lake hupima lenyewe, atake asitake. Alianzia juu, akashuka. Ubao ulikuwa umeanza kutuna kifuani. Ulikuwa umeingia ndani kiunoni, kwa mkunjo uleule aliouchora kwa chaki yake. Na mabega...

Yalikuwa mabega ya Kache.

Alirusha mkono kulifungua fundo, Kambi akamdaka kiwiko.

"Usiguse! Vipande hivi ulivitoa mwenyewe au viliibwa?"

"Nilivitoa... nilimpa..."

"Kwa mkono wako?"

Nyevu alilia.

"Maji yakimwagika hayazoleki," Kambi alisema. "Nguo yenyewe imebaki kwako? Usiikate tena. Wala usiichome. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kujua. Niondokee, mama, nina watoto."

Alirudi nyumbani akiwa na wazo moja tu, la kifundi. Kilichopunguzwa huongezwa. Alitafuta Kilifi nzima kitambaa chekundu kinacholingana, akakata viraka vya kifua, akakata mikono mipya kwa kiolezo kilekile, akaketi kushona. Sindano ilipita. Uzi ulishika. Alipovuta kidogo tu, mshono ulichomoka wote, kwa kuwa ndani hapakuwa na kitu cha kuushikilia. Akiba aliyoiacha miaka ishirini kwenye nguo za watu, kwa ya mwanawe alikuwa ameikata. Alijaribu mara nne usiku ule, na alfajiri aliweka kichwa juu ya cherehani, akajichukia.

Sasa ni wiki ya tatu. Kache ameegemezwa ukutani, maana hakunjiki kukaa. Hasemi. Uji anapewa kwa kijiko, na siku hizi mwingi humwagika. Macho tu ndiyo yanayotembea. Blauzi iko ndani ya sanduku la bati, na Nyevu huifungua kila asubuhi na kila asubuhi hukuta nyuzi zimetoka ukingoni, mbili, tatu. Nguo isiyo na akiba hujifumua yenyewe. Yeye huzirudisha kwa sindano, anapiga juu juu, anajua zitatoka zingine. Mwanzoni alishona huku akisali. Sasa anashona tu.

Na kila jioni, kuku wakiingia bandani, kuna anayekuja uani.

Si bikizee. Bikizee hajaonekana tena. Anayekuja huanza kwa kuimba, wimbo uleule, kuanzia pale ulipokatikia. Sauti kubwa, ya kukemewa. Phoebe wa jirani ameisikia, akamshukuru Mungu kwamba mtoto amepona. Kisha wimbo hukoma, na mlangoni husikika kitu kigumu kikiegemea mbao.

"Mama... shingo inanibana. Ipanue kidogo tu."

Ni Kache. Hakuna mama asiyeijua sauti ya mwanawe. Kama Kache mzima ameshahamia kule nje, basi kuikata shingo ya blauzi ni kumfungua. Na kama bado yumo humu ndani, mkasi ndio mwisho wake. Nyevu humgeukia yule wa ukutani amsaidie. Macho yake yako kwenye mkasi, yamekodoka, yanasema kwa nguvu zote. Lakini yanasema kata, au yanasema usikate? Aliyesoma miili ya watu miaka ishirini, ya mwanawe haisomi.

Majuma mawili aliziba masikio. Jana, mlango ulipoegemewa, aliliinua sanduku akaliweka mapajani. Akaitoa blauzi. Uzi mrefu mwekundu ulijivuta kutoka ukingoni bila kuguswa, ukaanguka sakafuni.

"Mama?"

Miaka yote alikuwa akimwambia apunguze sauti.

"Naja, mwanangu," Nyevu aliitikia, na akaanza kuutafuta mkasi.