Kilicho Karibu na Kioo

Asubuhi ile Mchangama alikuta alama ya kidole ndani ya kioo cha kuba, kile cha mbele ya kamera ya majini. Si nje, ndani, mahali pasipofika kidole mpaka kasha la kamera lifunguliwe. Kasha hilo alilifunga mwenyewe jana yake, akapaka mafuta pete ya mpira, akasema bismillahi kama kawaida yake. Alifungua, akafuta. Ndipo harufu ikamjia: kafuri, ile wanayopakwa maiti.

Kwao hakuna maiti aliyepakwa kafuri mwaka ule wa 1989. Mdogo wake Daoud alizama mwezi wa Machi akiwaongoza wapiga mbizi, na bahari haikumrudisha.

Kazi ya Mchangama pale Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, ilikuwa kuwatayarishia wageni kamera za chini ya maji. Hakusoma sana, lakini vioo alivijua.

"Kioo bapa kinavuta vitu karibu," alimwambia mgeni wao, mama mmoja Mfaransa, kwa Kifaransa chake cha polepole. "Kuba na lenzi pana vinasukuma vitu mbali. Papa unayemwona mdogo kule, madamu, huenda anakugusa pua."

"Basi nifungie lenzi pana kuliko zote," madamu akacheka. "Pua ninayo ya kutosha."

Slaidi zake ziliposafishwa, Mchangama alizikagua moja moja juu ya taa. Nyuma ya matumbawe alisimama mtu, mdogo kama punje ya mchele, bega la kulia limeshuka. Daoud alivunjika bega hilo utotoni. Madamu hakuona kitu. Kesho yake, lenzi ile ile, mwamba ule ule, mtu yule alikuwa kama punje ya hindi.

Siku ya tatu Mchangama aliomba kushuka na kamera yeye mwenyewe. Kwa macho matupu aliona maji na samaki tu, lakini alipoweka jicho kwenye kamera alimwona Daoud amesimama pale pale mchangani, hana chupa ya hewa, hana miwani, nywele zake hazipepei na mkondo wa maji unaotikisa kila unyasi pembeni yake, na Mchangama, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kilicho mbali kwenye kioo kile huwa kimeshafika, alisahau ujuzi wake wote, akasema moyoni: Subiri, mdogo wangu. Nitakuja kukuchukua nikuzike.

Juma hilo hilo alisafiri kwenda Mahajanga, nyumbani kwao mtaa wa Mangarivotra, na kioo cha kuba kikiwa kimefungwa kwa taulo na slaidi mbili mfukoni, moja ya Daoud aliyoipiga siku ile na moja ya matumbawe matupu. Mama yake, Moinaecha, alikuwa amekataa hitima miezi sita mizima. "Simsomei mtu ambaye sijamwona," alikuwa akisema. Mchangama aliamini kwamba sasa atatulia.

Mama aliinua slaidi ya Daoud dirishani. Kisha akanena kwa Kikomori, sauti chini kabisa:

"Miezi sita majini, mwanangu, samaki hawambakishi mtu hivi. Huyu ameazima bega la mtoto wangu. Na anakutazama wewe."

Baada ya sala ya alasiri akaja fundi Tadjiddine, mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikigeuza kioo juu chini.

"Bakuli zuri," akasema. Akaandika Ayatul Kursi ndani yake kwa zafarani, akaisuuza kwa marashi. Maji yalitoka meusi, nayo harufu ya kafuri ikajaa chumba kizima.

"Umelisemesha hilo jitu la pichani?" akanong'ona.

"Nilimwahidi kumchukua nikamzike, fundi."

"Maiti haahidiwi kitu, Mchangama. Huombewa. Aliyepokea ahadi yako ni mwingine. Ichome hiyo picha."

Wakamsalia Daoud sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, na mama akakubali hitima. Chetezo kilikuwa kinawaka. Mchangama alitia motoni ile slaidi nyingine, ya matumbawe matupu. Ile ya Daoud aliirudisha mfukoni mwa kanzu, juu ya moyo. Hakuwa na picha nyingine ya mdogo wake. Harufu ilikwisha, fundi akashukuru Mungu, na Mchangama akaitikia amina pamoja nao.

Alirudi Nosy Be. Madamu alipiga mbizi kwa kioo kile kile, akaleta slaidi thelathini na sita. Mchangama alizitazama zote. Hakuna mtu. Alhamdulillahi.

"Lakini umenifanyia nini?" madamu akauliza. "Zote zina ukungu katikati."

Mchangama alitazama tena. Ukungu ulikuwa wa mviringo, ukubwa mmoja kila picha. Alilijua jambo hilo: lenzi haioni kinachoigusa, hukifanya ukungu. Akatoa slaidi ya mfukoni akaiinua kwenye jua. Matumbawe yalikuwepo. Mchanga ulikuwepo. Mahali aliposimama Daoud palikuwa na maji tu.

"Labda ni unyevu," madamu akasema, akinyanyua kamera kuijaribu. "Simama hapo barazani nikutazame."

Mchangama akasimama, peke yake, mgongo ukutani. Harufu ya kafuri ilikuwa nzito.

Madamu akaweka jicho kwenye kamera. Akatikisa mkono kidogo, kama mtu anayepanga wageni wa harusi.

"Mwambie mwenzako asogee," akasema. "Amekuziba uso."