Mguu wa Kwanza katika Kasri la Drumfarrow

Miaka kumi na tisa nimetandika vitanda katika Kasri la Drumfarrow, hoteli ya watu wenye nafasi zao. Wageni wakiniuliza habari za mizimu, huwaambia mizimu yetu ni mabomba mabovu. Siku hiyo ya kufunga mwaka theluji iliziba barabara, wageni hawakuja, mwenye hoteli akasema tulale sisi. Nikamwita kaka yangu Murdo na mkewe Ishbel, waje na Tormod, mtoto wao wa wiki sita. Walimngoja miaka minane.

Mguu wa kwanza kuvuka kizingiti mwaka ukiingia huwa wa Murdo, kwa sababu ni mrefu na nywele zake nyeusi tii. Huja na bonge la makaa ya mawe, hasemi wala hasemeshwi mpaka alitie motoni. Ndiyo bahati ya mwaka mzima.

"Usikawie, mwenzio nasinzia," Ishbel alimwambia.

"Sinzia tu. Wiski yangu isiguswe." Akatoka nje kwa mlango wa jikoni, azunguke mpaka mlango mkubwa.

Saa sita ikagonga. Mlango mkubwa ukabishwa mara tatu, nikafungua. Alikuwa Murdo, nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Kofia imeshuka usoni, shali mpaka puani, theluji mabegani. Akapita kimya, nami nikafunga komeo, maana baridi ile haikuwa ya mchezo. Akatia makaa motoni. Moto ukafifia. Nikampa glasi, hakuipokea. Akapanda ngazi.

"Mwache, wifi," Ishbel akacheka. "Anakwenda kumbusu mwanawe."

Tukakata keki.

Mlango ukabishwa tena.

"Nani?" Sijui kwa nini nilinong'ona.

"Mimi, dada. Fungua basi. Nimeteleza kule nyuma, mguu umeteguka, nimetambaa njia nzima."

Sauti ya kaka yangu ilikuwa nje. Juu yetu mbao za sakafu zilikuwa zikilia. Mtu alikwenda na kurudi, polepole, kama anayebembeleza mtoto.

Glasi ikamponyoka Ishbel. Tukakimbilia juu. Ngazi za mwisho nikazipanda kwa mikono. Chumba wazi. Hakuna mtu. Dirisha limefungwa kwa ndani. Tormod kitandani mwake, mzima, amelala. Ishbel akamnyakua, tukalia sote wawili.

Mtoto akaamka. Hakulia. Akatutazama, mmoja mmoja, kisha akapiga miayo.

Jioni ile nilikuwa nimemtia kidole mdomoni anyonye. Fizi tupu. Sasa fizi ya juu ilikuwa na meno mawili. Marefu, ya manjano, yamelika ncha.

Ishbel naye alikuwa ameyaona. Akamfunika uso kwa shali, akamkaza kifuani.

"Ni wangu," akanong'ona. "Wifi, nakuomba. Murdo asijue."

Chini, kaka yangu alikuwa bado anagonga. Nikashuka kumfungulia.