Mgeni Aliyefia Mtaroni

Wanawake waliokwenda kufungulia maji ya mpunga alfajiri ndio waliomkuta. Crisanto Malvar, bwana mbegu kutoka Ufilipino, alikuwa amelala kifudifudi chini ya lango la mtaro aliouchimba bega kwa bega na wanakijiji wa Nong Khaen, nchini Laos. Waliangusha majembe wakakimbia huku wakipiga mayowe.

Kapteni Manivanh alifika kutoka wilayani jua likiwa bado chini, tumbo likimnguruma. Usiku mumewe alikuwa amenogewa na televisheni, akasahau kuloweka mchele, na mchele wa kunata usipolala majini huwezi kuupika asubuhi hata ukiupigia magoti. Alikuwa amempa mumewe maneno mawili matatu, kisha akaondoka bila kutia kitu mdomoni.

"Aliteleza," alisema Sajini Bounleut, akichungulia mtaroni.

"Akateleza, halafu akajipiga kisogoni?" Manivanh alikigeuza kichwa cha marehemu taratibu. Jeraha lilikuwa nyuma, refu na jembamba, na ukingo mzima ulikuwa udongo laini usio na jiwe hata moja. Mwili ulikuwa umekwisha kukakamaa; alikufa tangu jana jioni. "Kile chuma cha kuinulia lango kiko wapi?"

Hakikuwepo mahali pake. Bounleut alivua viatu, akapapasa chini ya maji na kukiopoa. Basi, hapo hapakuwa na ajali.

Simu ya mkuu wa polisi wa wilaya ililia kabla hata hawajaondoka ukingoni. Wakubwa wa Crisanto huko Ufilipino walikuwa wamekwisha kusema: muuaji asipojulikana leo, jioni wanawarudisha watu wao wote nyumbani, na mpango wa mbegu wa nchi hizi mbili unakufa. Mvua ilikuwa mlangoni. Nong Khaen walikuwa wametoka kwenye mwaka wa njaa mbaya, na bila mbegu ile na watu wa kuwaelekeza wangeingia kwenye mwingine.

"Kuna mtu anaitwa Khamtanh," alisema mkuu. "Alitishia kumuua. Mlete."

"Nitamleta kama ndiye, mheshimiwa."

"Mlete, nimesema."

Walikwenda kwanza kwa mkuu wa kijiji, mzee Thongdam, kama desturi inavyotaka. Baraza lake lilikuwa limejaa majirani waliokuja kumlilia mgeni, kwa maana Crisanto hakuwa na ndugu hapa. Mama Sengdao, mke wa mzee, alikuwa akipitisha vikapu vya wali wa kunata, moto unaofuka, na bakuli za pilipili ya kuponda.

"Kula kwanza, mwanangu. Umekonda uso."

Manivanh alikula bila aibu, akifinyanga tonge kiganjani huku akiuliza. Mzee Thongdam alikaa na macho mekundu.

"Jana jioni ulikuwa wapi, mjomba?"

"Nilizunguka kidogo, nikarudi, nikalala mapema. Habari nimeipata kwa mayowe ya wanawake, kama kila mtu. Alikuwa mtu mwema. Alikula tulichokula, akalala tulipolala."

Khamtanh aliletwa kwa mkono wa shati. Mtaro ulikuwa umekata njia ya nyati wake wa kulimia, na kijiji kizima kilimsikia akiapa.

"Ulisema utamzika kwenye mtaro wake," Manivanh alimwambia.

"Nilisema. Hata mama mkwe wangu nimeshamzika mara mia, na bado anakula kwangu!"

Mtu mmoja alicheka, akajikatiza.

"Ulikuwa wapi jana jioni?"

"Sisemi."

"Khamtanh, wakubwa wangu wanataka nikufunge pingu sasa hivi."

Alitazama miguu yake. "Nilikuwa kwenye bwawa la mradi. Na wavu. Nilikuwa namwibia samaki. Haya, nichekeni. Lakini mtu nimwibie samaki na roho jioni moja?"

"Uongo mtamu huo," alisema Bounleut.

"Si uongo." Aliyesema alikuwa Ligaya, injinia wa maji kutoka Ufilipino, aliyefanya kazi na marehemu, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye ngazi. Kilao chake kilikuwa kizuri, ila leo kilitoka kwa shida. "Dirisha langu linatazama bwawa. Nilimwona hadi giza lilipoingia kabisa, na alipotoka nilimsikia akiwafokea mbwa wake nyumbani. Huwa tunamwona. Crisanto alinikataza kusema. Aliniambia, mwache, ana watoto."

Khamtanh alijifunika uso kwa viganja.

Manivanh alimsogelea Ligaya. "Dada, jana Crisanto alikuwa na shida gani?"

"Mbegu. Wiki iliyopita alilaza punje kwenye kitambaa kibichi aone kama zinaota. Hadi jana hazikuota. Akaniambia, hii si mbegu tuliyoleta, hii ni nafaka ya zamani, mtu ameibadilisha ghalani. Akapiga simu kwetu, kisha akaondoka. Alisema anakwenda kuzungumza na mwenye ufunguo."

"Ufunguo anao nani?"

"Wawili. Mzee hapa. Na Khamtanh, ndiye mlinzi wa ghala."

"Nilijua!" Bounleut alitoa pingu kiunoni. "Samaki, mbegu, yote kaiba huyu! Huyu dada gizani aliona kivuli tu."

Baraza lilichachamaa. Kuna waliosema waliliona siku nyingi, na kuna mama aliyeanza kumzomea Khamtanh. Manivanh aliona jinsi ilivyo rahisi. Mkuu angefurahi, Wafilipino wangebaki, na huyu mwizi wa samaki angeozea gerezani bila mtu kumuuliza tena. Alichukia kwamba wazo hilo lilimpitia hata kwa nukta moja.

Alikuwa bado na tonge mkononi, na njaa ilikuwa imekwisha. Ndipo alipolitazama. Nyumbani kwake hakukuwa na chakula leo kwa sababu mchele haukulowekwa usiku. Hapa nusu ya kijiji ilikuwa imeshiba.

"Mama," alimwita Mama Sengdao, "wali wako mtamu. Uliuloweka lini?"

"Jana, mwanangu, giza lilipokuwa limeingia. Mzee alirudi akaniambia nitoe mtungi mkubwa, kesho watakuja watu." Alijipangusa mikono kwenye kitambaa. "Nikamuuliza watu gani. Akasema wewe loweka tu."

Manivanh alimgeukia mzee.

"Watu gani, mjomba? Jana jioni Crisanto alikuwa hajakutwa na mtu yeyote. Ni nani aliyejua kwamba leo kuna msiba?"

Mama Sengdao alimtazama mumewe, kisha akavitazama vile vikapu, kana kwamba mtu mwingine alivipanga pale. "Baba Keo," alisema kwa sauti ndogo, "ulisema wageni."

Mzee Thongdam hakujaribu kukana.

"Mwachieni Khamtanh. Mbegu tuliila. Mwaka wa njaa, watoto walipovimba miguu, mimi nilifungua ghala. Niligawa usiku, nikasema ni msaada wa wilaya. Mmeila wote hapa, hamkujua. Njaa ilipopita nikajaza magunia nafaka ya zamani niliyoinunua, nikajiambia Mungu ataiotesha." Aliinamisha kichwa. "Jana akanikuta langoni nikiteremsha maji. Akaniambia anajua. Nikaona Wafilipino wameondoka, nikaona mtaro umekauka, nikaona njaa ile tena. Chuma nilikuwa nacho mkononi. Alipogeuka kutazama maji, nikampiga."

"Halafu ukaja kuagiza chakula," alisema Manivanh, na hasira yake aliisikia mwenyewe.

"Amekufa ugenini, hana mama wala ndugu. Ningemwacha aombolezwe na watu wenye njaa? Aibu hiyo isingenitoka."

Bounleut alimfunga pingu mzee pale alipokaa. Hakuna aliyezuia, wala hakuna aliyezomea.

Ligaya alishuka ngazi akasimama mbele yake. Alikuwa akilia waziwazi, wala hakujipangusa.

"Unajua ile simu ilikuwa ya nini? Aliagiza mbegu nyingine. Zimeshafungwa, wiki hii zinaingia. Aliniambia nisiandike chochote kuhusu zile za kwanza; alikisia kwamba mwaka wa njaa watu walizila. Kwao, mwaka wa tufani kubwa, baba yake alichemsha mbegu za familia nzima wakala. Alitaka kumwambia hivyo tu mwenye ufunguo, awe nani, ili asione haya."

Mzee aliinua uso akamtazama.

"Alianza kusema habari za baba yake," alisema. "Nilidhani ananitukania wangu. Sikumwacha amalize."

Mbegu zingefika, Ligaya aliwaambia watu wa barazani, na wazipande kabla mvua haijakolea. Yeye anaondoka na mwili wa mwenzake.